Sufuria Isiyokwisha

Hoteli ikikwambia saa tatu usiku kwamba biriani ipo, na jana saa tatu ilikuwapo, na juzi vilevile, kaa chonjo. Biriani ya pwani haipikwi sahani moja moja. Hupikwa sufuria nzima, kazi inayoanza alfajiri, na sufuria ina mwisho wake. Ile isiyokuwa na mwisho inajazwa kutoka kwenye friji.

Nasema haya baada ya kurudi katika hoteli moja ya kisiwani Mombasa ambayo kwa miaka mingi niliitolea mfano kila nilipofundisha upishi. Jina sitalitaja. Wenyewe watajijua, na wateja wa zamani hawatahitaji kuambiwa. Zamani nyumba hiyo haikuwa na orodha ya kuchapishwa. Mhudumu alisimama mbele yako akakutajia kilichopo, na kilichopo hakikuzidi vitu vitano: wali wa nazi kwa mchuzi wa samaki, mbaazi, mchicha, labda kuku wa kupaka. Jumatano ilikuwa pilau. Ijumaa ilikuwa biriani ya mbuzi, na watu walitoka msikitini moja kwa moja hadi pale, foleni ikamwagika barabarani. Ilipofika saa nane na nusu mhudumu alikuwa anatikisa kichwa mlangoni: "Imekwisha, ami. Wiki ijayo uwahi." Tulinung'unika, na wiki iliyofuata tuliwahi.

Sasa kuna kitabu chenye picha za rangi. Kuna piza, baga, tambi za Kichina, kuku wa kukaanga, shawarma. Biriani iko ya mbuzi, ya ng'ombe, ya kuku, ya samaki na ya kamba, siku saba kwa wiki, mchana hadi usiku. Nilikwenda Ijumaa saa saba mchana, saa ambayo hoteli ya biriani haina kisingizio, nikaagiza ya mbuzi. Ilifika mezani kabla ya maji ya kunywa.

Nianze na sahani yenyewe, kwa sababu lawama za jumla jumla hazimsaidii mpishi wala mlaji. Msomaji wa pwani anajua kwamba biriani yetu si ile ya Hyderabad, ambayo nyama na mchele hupangwa tabaka kwa tabaka ndani ya chungu kilichozibwa mdomo kwa unga. Sisi rojo tunalipika kivyake na wali kivyake, vikutane wakati wa kupakua. Kwa hiyo rojo ndilo lenye kazi. Vitunguu hukaangwa kwanza, vingi kuliko mgeni anavyodhani, hadi vikauke na kuwa na rangi ya dhahabu iliyokolea. Hapo hakuna njia ya mkato. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji, na maji hayo yasipotoka, joto la kitunguu halipandi kupita nyuzi 100. Rangi ile na utamu wake huanza kujengeka sawasawa kwenye nyuzi 140 hivi. Ukiongeza moto ili umalize haraka unapata kitunguu kilichoungua nje na kibichi ndani. Wakati huo nyama imeshalowa tangawizi, thomu, mtindi na kipande cha papai bichi. Viazi vinakaangwa vikiwa vizima. Nyanya, pilipili, kotmiri, mdalasini, iliki, karafuu na bizari vinaingia kila kimoja kwa zamu yake, samli ikiwa chini ya yote, na mwisho vitunguu vilivyokaangwa vinavunjwavunjwa ndani ya rojo ndipo linapokuwa zito.

Nilichopakuliwa Ijumaa ile kilikuwa na majina hayo yote bila kazi yake. Rojo lilikuwa na chembechembe nyeupe, yaani mtindi uliokatika. Mtindi ulioingizwa taratibu kwenye moto mdogo hauwi hivyo. Hukatika unapochemshwa kwa fujo, na hasa unaporudishwa motoni mara nyingine. Nyama ilikuwa unga kwa nje na nyuzi ngumu kwa ndani. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papeini kinachokata protini. Ukilipa saa chache nyama inalainika; ukililaza na nyama usiku kucha linakula upande wa nje na kuuacha wa ndani kama ulivyokuwa. Vitunguu vya juu vilikuwa vile vya kununuliwa kwenye mfuko, vilivyovikwa unga, vinavyolia mdomoni kama krispi. Kiazi kilikuwa chenga tupu.

Wali ulinisikitisha zaidi. Punje zilikuwa zimekatika, na zilizobaki nzima zilikuwa na kiini kigumu. Watu wengi huamini huo ni mchele duni. Mara nyingi ni mchele mzuri uliolala. Wanga wa mchele ukipikwa hulegea, na ukipoa hujipanga upya na kukaza, na mchele mrefu wa jamii ya basmati ndio hukaza zaidi kwa sababu ya aina ya wanga wake. Uleule unaotuchambukia punje kwa punje ukiwa wa moto ndio unaogeuka changarawe ukitoka kwenye friji. Ukiupasha haraka, nje unalainika na katikati inabaki vilevile, na ukiukoroga kwa mwiko ili upate moto sawasawa, unakatika. Nilichokiona kwenye sahani ni historia ya wali huo tangu jana yake.

Kuna atakayenikatiza hapa. Sisi ni watu wa kiporo, atasema. Mchuzi uliolala ni mtamu kuliko ulivyokuwa jana, na wali wa nazi wa kukaangwa asubuhi ndio chai ya nyumba nyingi. Ni kweli, na hoja hiyo inastahili jibu. Kiporo cha nyumbani hupashwa mara moja, kidogo, na kwa kawaida hugeuzwa kuwa chakula kingine: wali ule hukaangwa kwa vitunguu, hauigizwi kuwa mpya. Viungo navyo husaidia, hasa karafuu, ambayo huchelewesha mafuta ya nyama kuharibika. Lakini nyama iliyopikwa ikilala baridini siku moja au mbili, chuma kilichomo ndani yake huchochea mafuta kuungana na hewa, na ikipashwa hutoa harufu inayokaribia ya kadibodi iliyolowa. Wanasayansi wa chakula wanaijua tabia hiyo tangu miaka ya 1950. Nyumbani unaisamehe kwa sababu hujailipia bei ya biriani ya Ijumaa. Hotelini ukiipata chini ya wingu la bizari ya paketi, unafahamu bizari ile imeongezwa kwa kazi gani.

Jambo jingine ambalo mwandishi wa chakula lazima ajiulize ni kama kilichobadilika ni sufuria au ni yeye. Pua hupungua nguvu kwa umri. Kumbukumbu nazo hupika. Biriani ya ujanani ina njaa ya ujana ndani yake, na marafiki ambao wengine wametangulia mbele ya haki. Kwa sababu hiyo sikuutegemea ulimi wangu peke yake. Mtindi uliokatika, punje zilizovunjika, vitunguu vya mfuko: hayo huonwa kwa macho, na hata mtu mwenye mafua angeyaona. Tena nilikuwa na kijana ambaye hajawahi kukanyaga pale, hana zamani ya kulinganisha nayo. Alikula wali wa juu juu, akakiacha kiazi, akaomba chipsi.

Tuhuma moja zaidi niiondoe: kwamba zamani nilipendelewa kwa kuwa nilijulikana. Jambo hilo lipo duniani. Mwaka 1993 Ruth Reichl wa gazeti la New York Times aliikosoa hoteli ya Le Cirque baada ya kwenda akiwa amejigeuza sura, kisha akaenda akiwa mwenyewe; alivyopokelewa mara ya kwanza na alivyopokelewa alipotambuliwa ni mbingu na ardhi. Lakini Le Cirque ilimpikia kila mteja sahani yake. Ijumaa za zamani za hoteli ninayoizungumzia, wakili, mchukuzi wa bandarini na mimi tulipakuliwa kutoka sufuria moja. Upendeleo mkubwa aliouweza mpakuaji ulikuwa kukuongezea mfupa wenye uboho.

Basi nini kilitokea? Ukiwauliza wenye hoteli watakwambia gharama, nao hawasemi uongo. Julai 2021 gesi ya kupikia ilirudishiwa kodi ya asilimia 16 hapa Kenya. Machi 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimeanza mwezi uliotangulia, bei za mafuta ya kula duniani zilifika kileleni, na mwezi uliofuata Indonesia ikazuia kwa muda mafuta yake ya mawese yasitoke nje. Julai 2023 India ikapiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati, na mwezi uliofuata ikaiwekea basmati bei ya chini kabisa ya kuuzia nje, dola 1,200 kwa tani, na wanunuzi wengi wakakimbilia Pakistan, ambako mchele wetu mwingi wa biriani hutoka. Mwenye sufuria kubwa aliumia kila mara.

Ila gharama hizo zilimkuta kila mtu. Zilimkuta pia mama wa Mji wa Kale anayepikia biriani nyumbani kwake. Mjini wako wengi: Jumatano anatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, Alhamisi anahesabu oda, anakwenda sokoni na orodha yake, Ijumaa adhuhuri watoto wanapeleka masinia yaliyofunikwa. Anunua mchele uleule, mafuta yaleyale, gesi ileile, tena kwa rejareja. Biriani yake ni nzuri. Amepandisha bei na wateja wamenung'unika wakalipa. Kama gharama ndiyo ingekuwa muuaji, huyu angekuwa wa kwanza kuzikwa.

Wengine wanasema mpishi mzee aliondoka. Aliondoka kweli, umri ulimfikia, na mikono ile haiandikwi kwenye karatasi. Hata hivyo nadharia ya mpishi mmoja hainiridhishi. Niliwahi kumwona mpishi huyohuyo akitoka jikoni, mwiko mkononi, kusikiliza mzee mmoja akimwambia mbele ya watu kwamba leo iliki imezidi. Hakubisha. Wiki iliyofuata iliki ilikuwa sawa. Mzee yule alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na alikula pale karibu kila siku ya kazi. Meza zilizomzunguka zilikuwa za watu kama yeye: mawakala wa mizigo, makarani wa bohari, madereva wa malori, wenye maduka. Ninavyoiona mimi, hao ndio walioipika biriani ile. Mpishi alishika mwiko, wao walishika kiwango.

Kisha fuatilia kilichowapata. Kuanzia 2018 makontena mengi yaliyokuwa yakitolewa Mombasa yalianza kulazimishwa kupanda reli ya SGR hadi bandari kavu ya Nairobi. Kampuni za kutoa mizigo zikahamisha ofisi au zikafunga, maegesho ya malori yakabaki na vumbi, na mwaka 2019 watu wa Mombasa wakaingia barabarani kuandamana. Hakuna aliyeandamana kwa ajili ya chakula cha mchana, lakini chakula cha mchana kilikwenda na kazi. Mwaka uliofuata kikaja kirusi cha korona. Mei 2020 serikali iliufunga Mji wa Kale, hakuna kuingia wala kutoka, na hoteli zake zikaamriwa zifunge. Katika wiki zile watu walivunja desturi ya miaka mingi. Waliokuwa wakila hotelini walijifunza kubeba chakula kutoka nyumbani, na kina mama niliowataja waliongezeka wakati huo. Septemba 2022 Rais Ruto aliamuru utoaji wa mizigo urudishwe Mombasa. Mizigo ilirudi, walaji wa kila siku hawakurudi kwa agizo.

Nafasi yao ilichukuliwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mgeni wa mwisho wa wiki. Treni ya abiria ya Madaraka Express ilianza mwaka 2017, na tangu hapo mtu wa Nairobi hushuka Mombasa Ijumaa na kupanda Jumapili. Anataka biriani ya Mombasa, na anaitaka Jumamosi usiku, kwa sababu Ijumaa mchana bado yuko kazini. Ukimwambia imekwisha, atakwenda jirani. Ukimpa iliyopashwa, atapiga picha, atakula, atapanda treni. Hana iliki ya wiki jana ya kulinganisha. Wa pili ni mteja wa simu, anayeagiza kwa programu. Huyo hana hata sura. Anachagua kutoka kwenye picha, na picha inayomkuta imefungwa anairuka, kwa hiyo kila kitu kilichopo kwenye orodha sharti kiwepo saa zote. Malalamiko yake hufika jikoni yakiwa nyota mbili bila maelezo. Nyota mbili hazimwambii mpishi kwamba iliki imezidi.

Mwenye hoteli aliyebadilishiwa wateja namna hiyo alifanya hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote angeifanya. Kodi ya jengo hulipwa kwa saa zote ishirini na nne, mlango ukiwa wazi au umefungwa. Basi na ufunguliwe muda mrefu, kuwe na vitu vingi, kusiwe na neno "imekwisha". Ongeza na warithi. Biashara hizi nyingi zilianzishwa na mtu mmoja, na siku ya mirathi zikawa za watoto na wajane kwa mafungu yao ya haki. Kilichomtosha mmoja sasa kinatakiwa kiwatoshe wengi. Sufuria haiongezeki, kwa hiyo kinaongezwa kitabu cha picha.

Kosa la hesabu hiyo ni kwamba inahesabu mauzo na kusahau jiko. Jiko la kupoza na kupasha ni fani kamili, nayo inaheshimika. Chakula cha ndege hupikwa hivyo, na cha hospitali kubwa. Lakini fani hiyo ina mashine za kupoza haraka, vipimajoto, tarehe kwenye kila chombo, na mapishi yaliyoundwa kuanzia mwanzo yastahimili kupashwa. Wali hasa hauna mchezo: mbegu za bakteria aina ya Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa vuguvugu kwa saa nyingi huamka zikazaana na kutoa sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Sharti uwekwe moto zaidi ya nyuzi 60 au upozwe upesi. Jikoni kwao sikuingia na simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba ukichukua upishi wa sufuria moja ukaupa saa za hoteli ya uwanja wa ndege bila vifaa vya uwanja wa ndege, utaipata sahani niliyopewa, hata kama umemwajiri mpishi bora wa pwani nzima.

Na si kweli kwamba njia ni hiyo moja. Mji huu una saa zake za kula, zilizotungwa na watu waliokuwa na njaa na hawana friji. Asubuhi mahamri na mbaazi. Mchana wali. Alasiri kahawa na kashata. Magharibi viazi karai, bajia, mishkaki inayogeuzwa makaani mbele ya mteja. Mwenye kuifuata ratiba hiyo anaweza kufungua alfajiri akafunga saa nne usiku asipashe kitu chochote, kwa kuwa kila saa ina chakula chake kinachopikwa saa hiyohiyo. Mgeni wa Jumamosi usiku akiambiwa biriani ni ya Ijumaa mchana, sasa kuna mishkaki na mkate wa mofa, sidhani kama atalia. Pengine safari ijayo atapanda treni ya Alhamisi.

Kwa hivyo kwa wenye hoteli nina ombi moja tu la kuanzia: rudisheni siku ya Ijumaa. Kuku wa kukaanga na piza vibaki kama vinawalipia kodi. Ila biriani iwe ya sufuria moja, mbuzi peke yake, ipikwe alfajiri, na ikikwisha mseme imekwisha. Wateja wa zamani hawajafa wote, na bado wanajua kulalamika.

Kuhusu nyinyi wasomaji mtakaouliza kama mwende: nendeni asubuhi. Mahamri ya nyumba ile bado yanakaangwa mbele yako, yamefura, yana iliki na tui la nazi kwa kipimo chake, na mbaazi zake ni zilezile. Hamri halikubali kulala. Likilala hata mtoto analijua, ndiyo maana limenusurika. Fikeni kabla ya saa tatu. Biriani, kwa sasa, agizeni kwa mama wa mtaani kwenu, na oda yenu ifike kabla ya Alhamisi jioni.